Usilitafute Jina Langu Ukutani

Nakunda mwanangu,

Salamu tumepeana mchana kutwa, kwa hiyo hapa nazivuka. Wewe umetoka kwenda kuagana na wenzako North York, baba yako amelala kwenye kochi na miwani usoni, na mimi nimekaa mezani na daftari la mistari, maana kwenye simu naandika kama kuku anayedonoa. Mambo ya soksi za sufu, dawa za tumbo na pilipili niliyokusagia yako kwenye karatasi iliyo ndani ya begi. Usiyatafute humu. Humu kuna jambo moja, nalo limenikaa kooni tangu Jumapili. Najua Kiswahili cha kusoma kinakuchosha. Soma kwa sauti, utaelewa.

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani mama ameandika huku analia. Nimekukasirikia wewe kidogo, na mimi mwenyewe mno.

Wewe, kwa sababu wiki tatu nzima nakufundisha jiji la Petersburg na wewe unanionyesha simu. Nikisema kadi ya benki ya hapa Kanada ukifika Urusi ni plastiki tu, beba fedha mkononi, unanijibu kwa Kiingereza kwamba unajua. Nikisema anwani ya hosteli iandike kwenye karatasi, kwa herufi zao, unasema ipo kwenye simu. Mtandao wa simu kule siku hizi unaweza kuzimwa bila hata hodi. Binti wa Mama Pendo aliyerudi kutoka huko mwaka huu alikuambia hayo mbele yangu, ukiwa unakula sambusa zangu, na wewe ukatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza muziki. Nilitaka kukunyang'anya ile sambusa.

"Mami, tulia," ukaniambia. "Wewe ulikwenda na miaka ishirini, hujui hata neno moja la Kirusi, na ukatoka daktari."

Hapo ndipo hasira ilipogeuka njiani ikanirudia mwenyewe.

Jumapili mchungaji alipokusimamisha mbele ili tukuombee, nilijivuna, sikatai. Nani mwingine pale ana mtoto aliyepiga piano ya ibada akiwa na miaka tisa, miguu inaning'inia? Nani mwingine mwanawe ameitwa na mwalimu wa Urusi baada ya kusikilizwa kwenye video tu? Mimi. Nilivaa gauni jipya la kitenge na kilemba kilichowaziba wote waliokaa nyuma yangu. Mchungaji akasema, "Maji hufuata mkondo. Mama yake naye alisomea udaktari hukohuko." Watu wakapiga makofi. Mama Pendo akapiga vigelegele. Nami, Nakunda, nikasimama. Nikainama kama malkia. Hakuna aliyeniita nisimame.

Kwenye gari ukasema kitu cha kwanza ukifika Petersburg utakwenda kwenye chuo changu cha udaktari, uutafute ule ukuta wa wahitimu niliokusimulia, upige picha jina langu na kulitia kwenye fremu iwe zawadi yangu ya Krismasi. Baba yako akasema, "Hilo ni wazo la maana." Mimi nikaangalia dirishani mpaka tukafika nyumbani Pickering.

Jina langu halipo kwenye ukuta ule, mwanangu. Ukuta upo, uko kushoto ukishapanda ngazi kubwa, na nimepita mbele yake mara nyingi kuliko wengi walioandikwa. Lakini Namsifu hayupo. Sikuhitimu. Udaktari sikuuanza hata siku moja.

Nimeliandika. Ngoja nikanywe chai.

Nimerudi. Sasa usianze kushuku kila kitu. Kwamba nilikuwa wa kwanza katika wasichana wote wa sekondari yetu kule Upareni, hilo ni kweli, na mpaka leo hajatokea wa kunifikia, waulize. Kwamba nilipewa nafasi ya kwenda kusoma Urusi, hilo nalo ni kweli. Lakini mwaka wa kwanza kule si wa udaktari, ni mwaka wa lugha. Mnakaa darasani watu wa nchi kumi, mnafundishwa Kirusi, mwisho kuna mtihani, ndipo uingie kwenye masomo yenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, miwani usoni na nyingine kichwani. Akimaliza somo alitupitia mmoja mmoja akiuliza, "Umeelewa?" Wenzangu walisema hapana, bila aibu. Akarudia. Wakasema tena hapana, akakunja uso, akarudia. Mimi nilisema ndiyo. Sikuwa nimeelewa. Lakini nimelelewa nyumba ambayo mtu mzima akikuuliza umeelewa, jibu ni ndiyo, na macho chini. Kumwambia mwalimu hujaelewa ni kama kumwambia hajui kufundisha. Babu yako mwenyewe alikuwa mwalimu. Nani angethubutu? Basi ikawa ndiyo, ndiyo, ndiyo, toka Oktoba mpaka Mei, na yule mama akawa ananitaja kwa wenzangu, mwoneni Namsifu anavyoshika haraka. Nikavimba kichwa. Unanijua.

Kwenye mtihani nilielewa pa kuandika jina na pa kuandika tarehe.

Kushindwa si mwisho wa dunia, mtu anarudia baada ya likizo. Hilo nililijua baadaye. Niliitwa ofisini. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza akaongea maneno mengi, kwa upole kabisa, akanisogezea karatasi, akauliza, "Umeelewa? Unakubali?" Nikasema ndiyo. Nikatia saini. Nilidhani nasaini kurudia mtihani. Kumbe nimesaini kwamba naacha masomo kwa hiari yangu. Alikuwa amenieleza njia mbili nichague, na mimi nikachagua kwa adabu.

Wiki iliyofuata nikaambiwa nihame hosteli.

Sasa Zinaida Petrovna. Huyu unamfahamu, nimekusimulia maisha yako yote kwamba alikuwa profesa wangu. Alikuwa mwangalizi wa chumba cha makoti. Kule, popote penye heshima, chuo, maktaba, ukumbi wa muziki, huruhusiwi kuingia na koti. Unalikabidhi mlangoni, unapewa namba, na mwenye chumba ni bibi ambaye hata mkuu wa chuo anamwogopa. Siku ya kwanza ya theluji nilimpa koti langu la mtumba. Akaligeuza ndani nje, halina kitanzi shingoni cha kulitundikia. Akalishika kwa vidole viwili kama kashika panya.

"Huna mama wewe?"

"Ninaye."

"Basi hajui sindano."

Watu wote kwenye foleni wakacheka, nami nikalia pale pale. Kesho yake akaniita nyuma ya kaunta, akanitupia sindano na uzi mweusi, akasimama kuhakikisha nashona. Toka hapo jina langu kwake likawa Daktari. Ndiyo maana juzi umenikuta nimelifumua koti lako jipya nikaweka vitanzi viwili, na wewe ukasema naharibu nguo ya watu. Sikukuharibia. Nilikuwa nakuokoa na bibi fulani ambaye bado hujakutana naye.

Nilipofukuzwa, ni yeye aliyenikuta kwenye benchi mbele ya chumba chake.

"Daktari, mbona umekaa kama gunia?"

Nikamweleza, kwa maneno arobaini niliyokuwa nayo. Nilidhani atawatukana wa ofisini. Akanitukana mimi.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Kwetu ni utovu wa adabu."

"Na sasa umepata nini na adabu yako? Haya, beba begi."

Alikuwa na chumba kimoja, jiko mnashirikiana na familia tatu. Akanipa kitanda, yeye akalala kwenye kochi, na siku tatu mfululizo akanishika mkono kunipeleka foleni ya kuandikishwa kwamba mgeni huyu anakaa kwake. Pale foleni aligombana na kila mtu mpaka wakapiga muhuri ili aondoke. Kwa hiyo mama akikuambia ukifika hakikisha hosteli imekuandikisha siku zile za kwanza, na ile karatasi ndogo unayopewa mpakani usiichezee, na pasi itembee na wewe, sijaisoma mahali. Askari wa treni ya chini ya ardhi alinisimamisha wiki ileile. Uso kama wetu kule huonekana toka mbali. Muhuri wa Zinaida Petrovna ndio ulionirudisha nyumbani kwake.

Miguu yake ilikuwa mibovu. Nikaanza kumsaidia kutundika, mwisho nikawa natundika mimi, yeye amekaa anatoa amri. Majira matatu ya baridi, Nakunda. Kwa hiyo ninaposema nilikuwa chuoni miaka mitatu, hapo sidanganyi, nilikuwa chuoni, chini ya ngazi. Nilitundika makoti ya wale wale niliokaa nao darasa la lugha. Wao wakapanda juu kujifunza mifupa. Mtanzania mwenzangu mmoja mara ya kwanza kuleta koti lake alijifanya hanijui, na nilimshukuru moyoni. Ile hadithi ya mwanafunzi aliyezimia mbele ya maiti, unayoipenda sana, alinisimulia mwenye kuzimia, akisubiri koti lake, bado anatetemeka.

Nilirudi nyumbani bibi yako alipougua. Uwanja wa ndege wajomba zako walikuwa wamesimama na bango: KARIBU DAKTARI WETU. Mtoto ameshika ua. Hakuna aliyehesabu kwamba miaka ile haitoshi kumtoa daktari. Ungefanya nini? Mimi nilijiambia nitawaeleza jioni. Jioni kulikuwa na ngoma na mbuzi. Nikajiambia kesho. Ndivyo uongo wangu ulivyozaliwa, sikuutunga, niliuacha tu ukue kama mtoto wa jirani anayekuja kula kwako kila siku mpaka watu wanadhani ni wako.

Halafu tukaja Kanada, na Kanada ikanirahisishia. Watu wakauliza, mbona daktari unafanya kazi ya kuwaogesha wazee? Nikasema hapa hawatambui vyeti vyetu. Wakasikitika. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu ni kweli, mji huu umejaa watu waliokuwa madaktari na wahandisi kwao, wanaendesha teksi na kupanga maboksi. Nimejificha nyuma ya machungu ya watu hao zaidi ya miaka ishirini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bango. Uliandika insha shuleni, una miaka kumi na miwili, kuhusu mama yako daktari ambaye nchi imemkataa. Mwalimu wako aliisoma mbele ya wazazi huku sauti inamkatika. Nilikaa pale na kitambaa machoni. Ulidhani nalia kwa uchungu.

Hapa Kanada mtu mmoja tu amenigundua. Kule North York ninakofanya kazi kuna mzee anayezungumza Kirusi, hakubali kuogeshwa na mtu mwingine ila mimi, wananigombania wale wazee, unajua. Siku moja akanisikiliza weee, akacheka. "Kirusi chako kizuri, binti, lakini ni cha mabibi wa makoti. Ulikipata wapi?" Wauguzi wakaniuliza amesema nini. Nikasema amenisifu matamshi.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kukuacha uende pale na kamera. Ungesoma majina mpaka mwisho, ukarudia, ukaenda kaunta kuuliza kwa Kirusi chako cha kujifunza, na labda yuko mzee wa zamani anayekumbuka, akakuambia, ah, yule Mwafrika wa makoti. Ungelipata jambo hili kwa mtu baki, kwenye korido, umbali wote huo. Hapana. Bora ulipate kwangu.

Na kuna kingine. Ulipokuwa na miaka saba, mchungaji alikueleza jambo baada ya ibada, akakuuliza umeelewa, ukamwambia, "Hapana, hujaeleza vizuri." Nilikufinya. Tulipofika nyumbani nikakuchapa. Nilisema ni adabu. Mwanangu, nilikuwa nimemwona msichana aliyeweza kusema lile neno, hana hata jino la mbele, na roho ikaniuma kwa wivu. Nisamehe kwa siku ile. Ukifika kule, kwa mwalimu wako, kwa askari, kwa mwenye ofisi, karatasi yoyote isiyokuingia kichwani usiiwekee kalamu. Sema hujaelewa. Watakunja uso. Waache wakunje, kule kukunja uso si ugomvi, ndivyo nyuso zao zinavyopumzika. Na wewe usiwachekee watu usiowajua barabarani, watadhani una lako. Cheka nao nyumbani kwao, hapo watacheka na wewe mpaka uchoke, watakulisha mpaka ukimbie.

Mwalimu wako usimwite kwa jina tupu kama mnavyowaita walimu hapa Toronto. Jina lake na jina la baba yake, yote mawili, kila mara. Hiyo ndiyo shikamoo yao. Ukialikwa vua viatu mlangoni, hilo huhitaji kufundishwa, na usimpe mtu mkono wala zawadi ukiwa nje ya kizingiti, ingia kwanza. Maua yahesabu yasigawanyike mbili kwa mbili. Nilimpelekea Zinaida Petrovna maua manane siku yake ya kuzaliwa, najiona mtoto wa mjini. Akayatazama. "Nani kafa?" Akachomoa moja, akalichomeka kwenye tundu la kifungo changu. "Haya, sasa niko hai." Yule bibi sikumwandikia hata barua moja baada ya kuondoka. Ningeanzaje? Kwetu nilikuwa nimeshamfanya profesa.

Baridi usijivunie unaijua. Ya Toronto unatoka kwenye gari unaingia dukani. Ile inapanda kutoka mtoni na kuingia mikononi, na wewe mikono ndiyo shamba lako. Na wako watakaokutazama kwa rangi, wengine watatamka. Zamani zangu zilikuwepo jioni ambazo hatukutoka kabisa. Usijitie ushujaa, usijibu, ingia popote penye taa na watu. Serikali ya hapa yenyewe imeandika watu wasiende huko. Nimegombana na wewe juu ya hilo miezi mitatu na umenishinda, na sasa naona sababu ya kunishinda: kila nilipokukataza ulinijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Wewe ulikwenda. Wewe uliweza. Ulikataa nafasi ya Montreal, saa chache tu kutoka hapa, kwa ajili ya hadithi zangu. Hilo linanifanya nitake kupiga meza hii ngumi, ila baba yako ataamka.

Ukitaka kughairi baada ya kusoma haya, ghairi, tiketi haina roho. Ukitaka kwenda, nenda kwa sababu ya yule mwalimu na vidole vyako. Wewe vidole vyako si hadithi, nimevisikia toka una miaka mitano ukigonga meza kabla hatujapata hata kinanda.

Nilikuwa nimepanga kuifukia barua hii kwenye begi uikute ukiwa Istanbul unasubiri ndege ya pili. Nimeghairi. Huo ni woga uleule, kusema halafu nisionekane. Nitakupa mkononi kesho kwenye chai, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukinuna, nuna. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wamezoea sauti yangu, wataonja na yako.

Baba yako naye hajui. Aliniposa kwa sifa za daktari, maskini. Nitamwambia kesho tukishakuacha uwanja wa ndege, tukiwa kwenye barabara kuu ya 401, ambapo hawezi kusimamisha gari akashuka. Mchungaji ni Jumapili. Mama Pendo atajua kabla ya Jumatatu, huyo hahitaji barua.

Ukifika, piga simu. Kama bado umenikasirikia, mpigie baba yako, wala usiniulizie. Nitakuwa nimekaa pembeni yake, sitasema neno, nataka tu nisikie kwamba umefika.

Mama yako,
Namsifu